Dhamana ya Fundi: Akiharibu Alichopewa Kutengeneza, Nani Alipe?

Katika mambo yanayovunja mapenzi baina ya watu wa mji mmoja, ni machache yaonekanayo madogo na yenye taabu kubwa kama hili: mtu kumpa fundi kitu chake akitengeneze, kisha kitu hicho kikarudi kibovu kuliko kilivyokwenda. Hapo kale yalikuwa ya nguo kwa mshoni, ya saa kwa fundi wa saa na ya jahazi kwa seremala. Na katika zama zetu hizi, zaidi ya yote, ni ya gari kwa gereji. Mwenye gari husema, "Umeniharibia." Fundi husema, "Lilikuwa bovu tangu hapo." Kelele huanza, watu hukusanyika, na wawili waliokuwa wakisali safu moja hufika mahali wakawa hawaitikiani salamu.

Mimi nataka, ewe ndugu msomaji, tulitazame jambo hili kwa utulivu, tujue haki iko wapi na mpaka wake ni upi. Nitaanza kwa kisa changu mwenyewe. Sitamtaja fundi, wala gereji, wala mtaa, kwani sikusudii kumshitaki mtu mbele ya wasomaji. Nakitaja kwa kuwa kilinifunza kwamba swali nililokuwa nikiuliza kwa hasira silo lililokuwa lanipasa kuuliza.

Mwaka juzi nilipeleka gari langu kwa fundi niliyemzoea, libadilishwe oili na litazamwe breki, kwa kuwa nilikuwa na safari ya Malindi kwa arusi ya mtoto wa dada yangu. Nililichukua jioni, nikalipa, nikashukuru. Asubuhi yake nikaondoka Mombasa. Nilipopita Vipingo, taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikaitazama, nikajiambia, "Oili imebadilishwa jana tu, taa hii ina ubovu wake. Nitaiuliza Kilifi." Nikaendelea. Taa ikazima, kisha ikawaka tena. Kabla sijafika njia panda ya Takaungu, injini ikaanza kugonga kama nyundo juu ya fuawe, kisha ikakwama, na gari likasimama. Dereva mmoja wa lori akasimama kutusaidia, akaingia chini ya gari, akatoka, akasema, "Mzee, nati ya kumwagia oili haipo. Imeanguka njiani, na oili yote imekwenda nayo."

Asiyejua mambo ya magari na aelewe hivi. Ndani ya injini chuma huzunguka ndani ya chuma, na kinachozuia viwili hivyo visilane ni utando mwembamba wa oili unaosukumwa na pampu. Ile taa nyekundu haisemi kwamba oili imepungua kidogo. Yasema kwamba msukumo wa oili umeondoka, yaani chuma sasa chasaga chuma. Haina maana ya "nitazame ukifika", maana yake ni "simama hapo ulipo, uzime." Mwendo wa dakika chache baada ya hapo watosha kuiua injini iliyokuwa na miaka mingi ya kuishi.

Nikarudi kwa fundi, na gari likiburutwa kwa kamba. Nilisema maneno ambayo leo nayaonea haya. Naye akajibu, "Shekhe, injini hii ilikuwa imechoka. Mimi nimebadilisha oili tu, ndani sikuigusa. Na nati ilikazwa vizuri." Nyuma yake alisimama kijana wa kama miaka kumi na saba, mwanafunzi wake, ameshika spana mkononi na macho yake yako chini.

Siku ya tatu, baada ya swala ya isha, kijana yule akanifuata nje ya msikiti. Akasema, "Mzee, nati ile niliirudisha mimi. Niliitia kwa vidole, kisha nikaitwa nikashike taa kwenye gari jingine. Niliporudi, gari limekwisha shushwa jeki, nikadhani mwalimu ameikaza mwenyewe." Nikamuuliza, "Na mwalimu wako ajua?" Akasema, "Ajua. Nilimwambia jioni ile ile, ulipokwisha ondoka. Akaniambia ninyamaze." Kisha akaniomba nisimtaje, kwa kuwa mama yake na wadogo zake wategemea kazi yake hiyo.

Basi nikawa nimeishika kweli mkononi, lakini kama mtu aliyeshika kaa la moto: nikilitupa kwa fundi, lamwunguza kijana kwanza.

Katika darasa yetu ya Alkhamisi nikalieleza jambo lile bila ya majina. Mmoja wetu akasema, "Mdai yote mpaka senti ya mwisho, na umtangaze mji mzima ili watu wamuepuke." Mwingine akasema, "Samehe. Ni kadari, na kilichokwenda kimekwenda." Kila mmoja alikuwa na hoja yake. Lakini mzee mmoja, ambaye ujana wake wote aliutumia katika useremala wa majahazi, hakuniuliza habari za fundi kabisa. Aliniuliza, "Taa ilipowaka, wewe ulifanya nini?"

Nilinyamaza. Na kunyamaza kwangu kule ndiko kulikonipeleka kwenye vitabu.

Swali la kwanza: je, fundi hupaswa kulipa alichokiharibu, hali hakukusudia?

Msingi wa jambo hili ni amana. Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, ameamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Na kanuni ijulikanayo ni kwamba mwenye kuwekewa amana halipi ikiwa imeharibika pasi na kosa lake. Fundi naye amekipokea kitu kwa idhini ya mwenyewe, hakukiiba wala hakukipora. Kwa kiasi hicho mtu angeweza kusema kwamba yeye ni mtunza amana kama wengine, na halipi.

Walakini maulamaa waliiona hatari iliyomo. Fundi hapokei kitu ili akae nacho tu. Hupokea ili akiguse, akifungue, akigonge, na huchukua ujira kwa hayo. Kinapoharibika, ajuaye kilichotokea ni yeye peke yake. Kwa hivyo imepokewa kutoka kwa Sayyidna Ali kwamba aliwabebesha mafundi dhamana ya vitu vya watu, akiona kuwa mambo ya watu hayawezi kutengenea illa kwa njia hiyo. Imam Malik alikwenda njia hiyo, akawabebesha mafundi dhamana ya vile wavichukuavyo mikononi mwao. Imam Abu Hanifa alipambanua: kilichopotea pasi na tendo la fundi hakilipi, ama kilichoharibika kwa kazi ya mkono wake hukilipa, japokuwa hakukusudia. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, wakazidi, wakasema hulipa hata kilichopotea akiwa nacho, ila likiwa ni balaa lisiloweza kukingika, kama moto mkubwa ulioenea.

Ama Imam Shafi'i, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, mwanafunzi wake ar-Rabi' amesimulia jambo la kuzingatiwa sana. Amesema kwamba Shafi'i aliona mafundi hawalipi isipokuwa yale yaliyofanywa na mikono yao, lakini hakuwa akiitoa wazi rai hiyo kwa kuchelea mali za watu zisipotezwe. Tazama, ndugu msomaji, uzito wa jambo hili! Imam aliyeona kwa hoja yake kwamba mafundi wana nafuu, alichelea kuitangaza nafuu hiyo, asije asiyeogopa Mungu akaifanya mlango wa kukimbilia.

Na katika khitilafu zote hizi, pana jambo ambalo halina khitilafu: fundi akifanya uzembe, hulipa. Nati iliyorudishwa kwa vidole na isikazwe kwa spana ni uzembe; haihitaji kitabu kikubwa kuijua. Wala kukosa kukusudia hakumwokoi, kwani kanuni ya mafakihi ni kwamba mwenye kulitenda jambo kwa mkono wake hulibeba, japokuwa hakulitaka.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, mafundi na wenye magari sawasawa. Wao hudhani kuwa dhamana ni adhabu. Fundi hudhani kwamba akikubali kulipa amekubali kuitwa mwizi au mjinga. Mwenye gari naye hudhani kwamba hawezi kudai mpaka kwanza amfanye fundi kuwa mtu mbaya. Mambo haya mawili hayafungamani.

Zingatia habari iliyo katika Sahihi ya Bukhari. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa nyumbani kwa mmoja wa wakeze, na mwingine akamletea chakula ndani ya chombo. Yule mwenye nyumba, kwa wivu, akakipiga chombo kikaanguka kikavunjika. Mtume akakusanya vipande na chakula kilichomwagika, akawaambia waliohudhuria kwamba mama yao ameingiwa na wivu. Kisha akachukua chombo kizima katika nyumba ile kilimovunjikia kile, akampelekea yule aliyevunjiwa, na kilichovunjika akakiacha kwa aliyekivunja. Hakumkemea mkewe mbele ya watu, alimtolea udhuru. Lakini chombo alikilipa. Basi funzo lililo dhahiri ni hili: udhuru huondoa lawama, hauondoi deni. Twaweza kumhurumia mtu kwa moyo wote na papo hapo tukamwambia, "Lipa." Na mtu aweza kulipa na akabaki na heshima yake yote, bali ikazidi.

Swali la pili: kosa likiwa la mwanafunzi, nani alipe?

Katika gereji zetu nyingi, khasa hizi za jua kali, kazi hufanywa na vijana wanaojifunza. Hawana mshahara wa kutajika. Hupewa nauli na chakula cha mchana. Mara nyingi fundi, mambo yanapoharibika, humwonyesha mwenye gari kijana na kusema, "Ni huyu." Haya hayafai. Mwenye gari hakupatana na kijana. Alipatana na fundi, na ujira aliuweka mkononi mwa fundi. Mafakihi wa Kihanafi wameeleza kwamba anachokiharibu mwanafunzi katika kazi ya mwalimu wake, dhamana yake i juu ya mwalimu. Na akili yakubali hivyo, kwani mwalimu ndiye anayefaidi kwa mikono ya kijana, na ndiye aliye na wajibu wa kukagua kabla ya gari kushushwa jeki. Achukuaye faida ya mkono wa mwenziwe na achukue na hasara yake. Kijana akosapo, lililo juu yake ni kusema kweli mapema. Kijana wetu yule alilifanya hilo. Aliyemnyamazisha ndiye mwenye mzigo.

Nami nataka tuwe waadilifu hata kwa fundi huyo. Siku ya kwanza aliposema kwamba nati ilikazwa, alisema kwa dhana, bila ya kujua. Lilikuwa kosa, kwani alishuhudia jambo asilolikagua. Lakini halikuwa khiyana. Khiyana ilianza jioni ile, alipoambiwa kweli akaifunika. Mtu anaweza kuivunja amana ya mwenziwe bila ya kutaka, lakini hawezi kuificha bila ya kutaka.

Swali la tatu, nalo ndilo lililokuwa zito kwangu: mwenye mali naye ana nini juu yake?

Sisi wenye magari twapenda kujiona kuwa ni wenye kudhulumiwa sikuzote. Hebu tujihesabu. Wangapi kati yetu humwambia fundi, "Funga funga tu, nina haraka"? Wangapi hukataa spea iliyo nzuri, wakanunua ya bei rahisi wao wenyewe, kisha ikivunjika wakamlaumu aliyeifunga? Wangapi huambiwa, "Breki hizi zimekwisha," wakasema, "Mpaka mwisho wa mwezi"? Na fundi akifungua injini kuukuu iliyoliwa na kutu, akafanya kama wafanyavyo wajuzi wa kazi ile, na skrubu ikakatika ndani, huyo hana kosa, na hasa ikiwa alikwisha kumtahadharisha mwenyewe. Iko hadithi iliyopokewa na Abu Daud na wengineo, kwamba mwenye kutibu watu hali hajulikani kwa utabibu, yeye ni mdhamini wa atakachokiharibu. Maulamaa wamefahamu kutokana nayo kwamba tabibu mjuzi, aliyeifanya kazi yake kwa kanuni zake, halipi kwa sababu tu mgonjwa hakupona. Fundi naye ni hivyo. Hapaswi kulipa kwa kuwa gari halikupona. Hulipa kwa kuwa ameliumiza, au kwa kuwa amejitia katika kazi asiyoijua.

Ama mimi, nati ilikuwa kosa la gereji. Lakini taa ilikuwa mbele ya macho yangu. Lau ningesimama Vipingo, hasara huenda ingalikuwa nati moja na oili ya kujaza injini. Iliyoharibika baada ya hapo, mguu wangu ulikuwa juu yake. Kumdai fundi injini nzima, hali nimeificha habari ya taa, kungekuwa kumfanyia mimi lile lile alilonifanyia yeye: kufunika sehemu ya kweli iliyo na madhara kwangu.

Na nilikuwa nimeificha kweli. Katika maneno yangu yote ya hasira siku ile, sikuitaja taa hata mara moja.

Basi nikaenda gereji jioni moja, wakati wa kufunga, peke yangu. Kijana sikumtaja. Nikasema, "Bwana fundi, nimekuja kukwambia jambo ambalo sikukwambia siku ile. Taa ya oili iliniwakia Vipingo, nikaiona, nami nikaendelea. Sehemu ya hasara hii ni yangu." Fundi akakaa juu ya gurudumu lililolala, akanyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Na nati haikukazwa, shekhe. Nimelijua jioni ile ile." Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?" Akasema, "Niliogopa nikikubali nati, nitalipishwa injini nzima, nami sina."

Neno lake hilo limekaa nami mpaka leo. Hakukataa kwa kuwa hakuwa na dini, wala kwa kuwa alipenda kudhulumu. Alikataa kwa kuwa kwake yeye hapakuwa na njia baina ya mbili: kukana yote, au kuangamia. Nami kwa hasira zangu nilikuwa nimeiziba njia ya katikati.

Qur'ani, katika Suratul-Anbiyaa, aya za 78 na 79, yataja hukumu ya Daud na Sulaiman, amani iwe juu yao, katika shamba lililoliwa na kondoo wa watu usiku. Wafasiri wamesimulia kwamba Daud alihukumu kondoo wapewe mwenye shamba. Sulaiman akaona vingine: mwenye shamba apewe kondoo kwa muda, anufaike kwa maziwa na sufi zao, na mwenye kondoo alilime shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja arudishiwe chake. Na Mwenyezi Mungu ameeleza kwamba alimfahamisha Sulaiman hukumu hiyo, na wote wawili aliwapa hekima na elimu. Hukumu ya Sulaiman haikumwacha aliyeharibiwa na hasara, wala haikumwacha mwenye kondoo mikono mitupu. Haki yake ilikuwa ni kulirudisha shamba.

Tukawaita wazee wawili, mmoja kwa upande wake na mmoja kwa upande wangu. Wakasema kwanza kwamba siwezi kudai injini mpya, kwa kuwa iliyokufa haikuwa mpya; chombo hulipwa kwa chombo mfano wake. Injini kuukuu iliyo nzima tuliipata kwa shilingi 80,000. Wakahukumu fundi abebe kazi yote ya kuishusha ile na kuipandisha hii bila ya ujira, na alipe shilingi 50,000 kidogo kidogo. Nami nibebe 30,000 kwa ajili ya ile taa niliyoidharau. Alimaliza kulipa mwezi wa nane. Kijana yungali pale. Na leo, kila nati inayokazwa katika gereji ile hutiwa alama ya chaki, na fundi huitazama alama kwa macho yake kabla ya gari kushuka jeki.

Najua kwamba mtu ataniambia, "Wewe umepata fundi mwenye moyo. Na wangu je, aliyekana mpaka leo, na namba yake ya simu haipokei?" Swali hili ni la haki, na jawabu lake si kunyamaza. Kumwachia mwenye kukana kila mara si subira. Huenda kukawa ni kumsaidia amdhulumu na mwingine baada yako. Kwa hivyo nawausia ndugu zangu mambo haya.

Kwanza, andikianeni. Kabla ya kazi, iandikwe ni kazi gani, kwa bei gani, na spea za nani. Suratul-Baqara imetuamrisha kuandika madeni, nasi twaona haya kuandika kwa kudhani kuandikiana ni kutoaminiana. Bali karatasi ndiyo iwekayo uaminifu pale kumbukumbu zinapokhitilafiana. Taka na spea za zamani urudishiwe, na kabla ya kuondoka chomoa kijiti cha kupimia oili, utazame kwa macho yako.

Pili, kitu kikiharibika, usilirudishe gari likafunguliwe na yule yule mnayegombana naye kabla ya fundi mwingine mjuzi kulitazama na kuandika alichokiona. Kwani kanuni ya sharia ni kwamba mwenye kudai ndiye wa kuleta ushahidi, na mwenye kukana huapa. Na ushahidi ukishafunguliwa kwa spana haurudi tena.

Tatu, mwendee mwenyewe kwanza, faraghani, na useme kosa lako kabla ya lake. Akikataa, wapelekeni wazee.

Nne, akikataa wazee, nenda mahakamani, wala usione kuwa ni ugomvi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa mtumiaji haki ya kupata huduma ya kiwango kinachofaa, na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Na iko Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Tena Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria yataka kesi iishe ndani ya siku 60. Mtu aweza kujisemea mwenyewe bila ya wakili. Lakini kumbuka onyo la Mtume kwamba yeye huhukumu kwa yale ayasikiayo, na kwamba aliyepewa haki ya nduguye kwa ufasaha wa ulimi wake amekatiwa kipande cha moto. Mwenye kushinda kesi kwa kuificha taa yake nyekundu hakushinda.

Tano, jihadhari na ulimi. Imam Nawawi amehesabu mambo sita yanayohalalisha kumsema mtu nyuma yake, na miongoni mwayo ni kumshitaki kwa awezaye kukuondolea dhuluma, na kuwatahadharisha watu na shari. Mwenye kuulizwa, "Je, nimpelekee fulani gari langu?" na aseme alichokipata, kwa kadiri kilivyokuwa, bila ya kuzidisha. Ama kulitembeza jina la mtu barazani na katika simu za watu ili tu kuipoza hasira, hiyo ni dhuluma ya pili, na haikuletei injini yako.

Na kwenu mafundi, ndugu zetu, ambao mikono yenu ndiyo inayotufikisha makwetu salama, neno langu ni moja. Kila mwenye kufanya kazi ataharibu siku moja. Asiyeharibu ni asiyefanya. Hatutaki fundi asiyekosa, kwani hayupo. Twataka fundi ambaye akikosa, atatupigia simu kabla hatujampigia sisi, aseme, "Rudi, nati sikuikaza." Maneno hayo machache yangeliokoa injini yangu, na yangelinigharimu robo saa. Nasi wenye magari yatupasa kuyafanya maneno hayo yasemeke, kwa kutomgeuza anayekiri akawa ndiye anayeangamizwa, na anayekana akawa ndiye anayesalimika.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kurudisha amana kama tulivyozipokea, na zikivunjika mikononi mwetu, tuwe wa kwanza kusema. Amin.